Andalio la Somo Twamwandikia Nani?

Wengi wenu mmepata kupita karibu na nyumba ya mwalimu usiku, mkaona taa ya sola ikiwaka dirishani hali nyumba nyingine zote zimekwisha lala. Hapa Kimuli, ambapo migomba hufika hata ukutani mwa nyumba, nuru moja tu huonekana na kila apitaye njiani. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye kibanja cha migomba na kahawa, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, miaka yote hii wafundisha hesabu zile zile. Mbili na mbili hazijabadilika. Waandika nini kila usiku?" Nikacheka, nikamjibu kwamba naandika andalio la somo. Akasema, "Haya, wamwandikia nani?" Hapo sikuwa na jibu la upesi, na tangu siku ile swali lake limekaa nami. Nimeona vema nilijibu katika gazeti hili, maana ijapokuwa laonekana kuwa jambo la walimu peke yao, lamgusa kila mzazi mwenye mtoto shuleni.

Kwanza niseme andalio ni kitu gani, kwa ajili ya wale wasiopata kuliona. Mwanzo wa mwaka mwalimu huandika azimio la kazi, yaani mpango wa mambo yote atakayoyafundisha, juma kwa juma. Katika azimio hilo hutoa andalio la kila somo. Huandika tarehe, darasa na kipindi. Idadi ya wanafunzi walioandikishwa na ya waliohudhuria, wavulana kwa wasichana. Kisha lengo la somo, zana za kufundishia, na hatua za somo tangu utangulizi mpaka mwisho. Mbele ya kila hatua huweka dakika zake, mpaka zitimie dakika 40 za kipindi. Chini kabisa ipo nafasi ya tathmini, ambapo mwalimu, akiisha kufundisha, aandika wanafunzi wameelewa kiasi gani. Mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma hulitazama andalio akatia sahihi yake, na akija mthibiti ubora wa shule, ambaye zamani tulimwita mkaguzi, naye hutaka kuliona.

Sasa nitaungama. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi niliyajaza maandalio yote usiku, na nikisema yote, maana yangu ni yote. Hesabu ya watoto watakaohudhuria kesho niliiandika leo. Tathmini ya somo ambalo halijafundishwa niliiandika pia: "Somo limeeleweka vizuri." Niliyaandika maneno hayo mara nyingi hata mkono ukayazoea kama mtu atiavyo sahihi. Na mwaka ulipogeuka nilinakili maandalio ya mwaka uliopita, nikabadili tarehe tu. Siku moja nilinakili hata zana, nikaandika kwamba tutatumia mahindi mabichi, na mwezi ule halikuwapo bua moja bichi katika shamba lolote la kata yetu. Sahihi ikatiwa. Hakuna aliyeniuliza habari za mahindi.

Je, huo ni uongo? Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwema na mchapakazi, nilipomwuliza hakusita hata kidogo. Alisema, "Ndugu yangu, hesabu mwenyewe. Vipindi sita kwa siku, siku tano, ni maandalio 30 kwa juma. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yamejaa; wewe una watoto 84 katika chumba kimoja. Madaftari ya kusahihisha yakufikia kifuani. Anayedai maandalio 30 yaliyofikiriwa kila juma ndiye anayeuzaa huo uongo, wala si wewe unayeuandika. Karatasi ile ni kodi. Ilipe, uende ukafundishe."

Nasema kweli, maneno yake yana nguvu, na sitaki kuyapita juujuu kama wafanyavyo watu ambao hawajasimama mbele ya watoto 84. Kama andalio ni kodi kwa wakubwa, basi kulinakili ni kosa dogo, tena pengine si kosa. Mtu aliyelemewa hupunguza mzigo pasipomwumiza mwingine. Lakini neno lote lasimama juu ya lile "kama". Je, ni kodi kwa wakubwa? Au ni deni la mtu mwingine, ambaye hana sahihi ya kutia wala hajui kwamba anadai?

Nyumbani kwetu bibi yangu alimfundisha dada yangu kusuka vikapu. Hakuandika neno. Walikaa kivulini, bibi akasuka na mtoto akasuka, na mkono wa mtoto ulipokwenda vibaya bibi aliuona papo hapo, akaushika. Akimwona amechoka humpeleka kuteka maji. Akimwona amefahamu humpa kazi ngumu zaidi. Nilipokuwa chuoni, chuo cha Kanisa, nilidhani wazee wetu hawakuwa na andalio kwa sababu hawakujua kuandika. Sasa naona sivyo. Hawakulihitaji, kwa kuwa macho yao yalimfikia mtoto. Mimi nikisimama mbele ya ubao siwezi kuiona mikono 168. Mtoto wa dawati la nyuma, aliyebanwa na wenzake wanne, aweza kupotea tangu dakika ya tano nami nisijue mpaka siku ya mtihani. Basi lile nisiloweza kuliona kwa macho wakati wa somo, sharti nilifikirie kabla ya somo. Karatasi ile ni badala ya macho ya bibi.

Wala si mimi niliyelizua wazo hili. Hatua za somo tuziandikazo zina asili yake, na afadhali tuijue. Yuko Mjerumani aliyeitwa Johann Friedrich Herbart, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufa mwaka 1841, mwalimu wa vyuo vikuu vya Königsberg na Göttingen. Yeye alifundisha kwamba jambo jipya haliingii katika akili ya mtoto ila kwa mlango wa jambo alijualo tayari. Baada ya kufa kwake wafuasi wake, hasa Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, waliyafanya mafundisho hayo kuwa hatua tano zilizo wazi: kuandaa, kuleta jambo jipya, kulilinganisha na mengine, kutoa kanuni, na kuitumia. Mwisho wa karne ya 19 hatua hizo zilienea katika vyuo vya ualimu vya Ulaya na Marekani, na mtu akiyatazama maandalio yetu ya leo ataiona mifupa yake chini ya nyama nyingine. Tazameni basi hatua ya kwanza. Utangulizi maana yake ni kuuliza: mtoto huyu ajua nini tayari? Swali hilo halijibiwi na kitabu. Lajibiwa na mtu anayejua mtoto huyu ametoka nyumba gani.

Na kabla ya Herbart alikuwako Yan Amos Komenský, ambaye Wazungu humwita Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592. Alikuwa askofu wa kanisa la Ndugu, ambalo Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 wahesabu kuwa chimbuko lao. Vita vilimfukuza kwao, na mwaka 1656 nyaraka zake za miaka mingi ziliteketea kwa moto huko Leszno. Miaka miwili baadaye, mwaka 1658, alitoa kitabu chake cha picha kwa ajili ya watoto, ili kila neno walisomalo walione na umbo lake. Namfikiria mara nyingi. Mtu aliyeunguliwa na kazi yake karibu yote, bado ashughulika kutafuta namna mtoto asiyemjua ataweza kulifahamu neno.

Lakini nisije nikawasifu wafu nikawasahau walio hai. Nitawaeleza somo moja nililolifundisha, maana ndilo lililonifundisha mimi.

Lilikuwa somo la Hisabati, Darasa la Sita, juu ya faida na hasara. Andalio langu lilikuwa safi. Mfano wangu nilikuwa nimeutoa mwaka uliopita: mfanyabiashara anunua baiskeli kwa shilingi 80,000, aiuza kwa shilingi 100,000, tafuta faida. Dakika zikaenda kama zilivyoandikwa. Tulipofika hatua ya kukazia maarifa, msichana mmoja akanyosha kidole. Hakuwa mtoto wa kusema sana. Alisema, "Mwalimu, mtu akiuza kahawa ikiwa bado maua, hiyo ni faida au hasara?"

Wasomaji wa mkoa wetu wa Kagera hawana haja ya kuelezwa, lakini kwa ajili ya walio mbali niseme kwamba jambo hilo twaliita butura. Mkulima akibanwa na shida huenda kwa mwenye fedha, akauza kahawa iliyo mtini, ikiwa maua au ikiwa mbichi, kwa bei ndogo. Na mavuno yakifika yule mwenye fedha huja na magunia yake. Serikali imelikataza mara nyingi, nalo bado lipo, maana shida haingoji msimu.

Msichana akaendelea: "Baba alipewa 40,000 kwa gunia. Wakati wa kuvuna gunia kama lile likauzwa 70,000. Lakini zile 40,000 ndizo zilizomtibu mdogo wangu."

Nilitazama saa. Zilibaki dakika nane, na andalio langu lilisema zoezi la maswali matano. Nikamwambia, "Swali hilo si la leo. Fanyeni zoezi." Akakaa. Akafanya zoezi, akapata yote matano. Baiskeli zote za kitabuni alizijua faida yake. Na katika daftari langu maneno yalikuwa yamekwisha andikwa tangu usiku: "Somo limeeleweka vizuri."

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akipima kwa zoezi, maneno yale hayakuwa uongo. Mtoto alipata matano kwa matano. Lakini mimi najua, na yeye ajua, kwamba lile alilotaka kulielewa halikueleweka, kwa sababu nilimfungia mlango. Herbart angesema kwamba mtoto alikuja na utangulizi mikononi mwake, jambo alijualo kuliko vyote, nami nikalikataa kwa ajili ya baiskeli ya mtu asiyekuwako.

Jambo hilo lilinisumbua juma zima. Basi siku moja, pasipo kuandika neno lolote, niliingia darasani kwa moyo wa bidii, nikaweka kitabu kando, nikasema, "Leo tutajibu lile swali la kahawa." Nikaandika ubaoni 40,000 na 70,000. Watoto waliamka kama waliomwagiwa maji. Huyu asema ni hasara ya 30,000. Yule asema baba hakununua kitu, basi hasara itatoka wapi. Mvulana mmoja akasema mwenye fedha naye alingoja miezi mingi, na kama jua lingeunguza maua angepoteza fedha zake, basi ile 30,000 si faida tupu. Mwingine akauliza bei ya uhai wa mtoto huandikwa upande gani wa hesabu. Sikupata kuona kipindi kama kile. Kengele ililia hakuna aliyesikia. Nikarudi nyumbani nikijisifu moyoni kwamba sasa nimekuwa mwalimu, tena bila karatasi.

Asubuhi ya pili baba yake yule msichana alikuja shuleni. Alisimama nje ya ofisi, kofia mkononi. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Hata mimi niliijua kabla hujaiandika. Lakini sasa watoto 80 wamekwenda nyumba 80 wakisema kwamba mimi niliuza kahawa maua. Ungeniambia kwanza."

Sikuwa na la kujibu ila kuomba radhi. Akaipokea, akaenda zake.

Watu wengine, na zaidi vijana watokao vyuoni siku hizi, husema kwamba mwalimu mwema ni yule anayemfuata mtoto, na andalio ni minyororo. Mimi nilimfuata mtoto, nikamtia aibu babaye. Kama usiku ule ningeketi robo saa mbele ya karatasi tupu, nikajiuliza nani atakayesikia somo hili na litamfikia vipi, hapana shaka ningaliona. Ningalisema "mkulima mmoja wa wilaya jirani". Ningalibadili 40,000 kuwa 55,000. Ningalimwita msichana kando nikamwuliza kama yuko radhi, na jioni ningalipita kwa babaye. Mambo hayo yote hayakunijia katika moto wa somo, maana katika moto mtu huona ubao tu. Katika somo la kwanza nilikuwa na andalio lisilomfikiria mtoto, na katika la pili nilikuwa na mtoto bila kufikiri. Yule msichana aliumia mara zote mbili, wala mara zote mbili hakuna mkubwa ambaye angenikuta na kosa: mara ya kwanza karatasi ilikuwa safi, mara ya pili ningalisema watoto walishiriki vema.

Basi nikimrudia jirani yangu na swali lake, nasema kwamba andalio namwandikia mtoto, ijapokuwa hatalisoma kamwe. Ni zile dakika za usiku ambazo mtu humfikiria mtoto wa mwingine wakati hakuna amwonaye. Kwa hiyo mwenzangu asemaye ni kodi amekosea jina, ila katika hesabu ya vipindi 30 hakukosea hata kidogo. Sioni namna mtu mmoja awezavyo kuwafikiria hivyo watoto 84 mara sita kila siku. Wakubwa wanaotaka karatasi 30 na wasipunguze idadi ya watoto katika chumba, nao wana sehemu yao katika uongo ule, na haifai kuificha sehemu hiyo kwa kumlaumu mwalimu peke yake. Hata hivyo sehemu yao haiifuti yangu.

Mimi sasa nafanya hivi, na sisemi kwamba kila mtu afanye. Maandalio mengine nayaandika kwa ufupi sana, na mtu akiuliza namwambia kwamba ni mafupi. Lakini kila siku nachagua masomo mawili, na pembeni mwa ukurasa naandika kwa penseli majina matatu: mtoto ambaye huenda akachoka kwa kuwa ajua tayari, mtoto ambaye huenda akapotea, na mtoto ambaye somo hili laweza kumgusa jeraha. Jina la tatu ndilo huchukua muda. Somo juu ya familia, na yupo asiye na mama. Somo juu ya chakula bora, na yupo aliyekuja bila kula. Wakati mwingine sipati jina, na wakati mwingine napata matano. Asubuhi, kabla ya kutoa andalio ofisini, nayafuta.

Na tathmini naiandika baada ya somo, pale pale mezani, chaki ikiwa bado vidoleni. "Wanafunzi 31 hawajui kutafuta hasara kwa asilimia." "Somo halikuisha." Mwanzoni mwenzangu mmoja aliniambia, "Wajichongea mwenyewe." Yamkini ni kweli, mtu aandikaye kila siku kwamba wanafunzi hawakuelewa aweza kuhesabiwa kuwa mwalimu dhaifu kuliko yule aandikaye kwamba wameelewa wote. Hatari hiyo naijua. Lakini nimeona faida moja nisiyoitazamia: nikiandika 31, kesho yake najua niwatafute nani. Nilipoandika "vizuri" sikuwa na wa kumtafuta.

Yule msichana alimaliza Darasa la Saba, akaendelea na masomo. Babaye twakutana njiani, twasalimiana vema, naye huniuliza habari za shule. Juu ya ile hesabu hatujasema tena.